Kabla hujamkimbia kuku wa gredi

Ile sauti ilinifikia mara tatu kwa siku moja. Kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti, halafu cha ukoo, halafu shangazi mwenyewe akanipigia kwa sababu aliona kutuma tu hakutoshi. Mwanamume asiyejitaja jina anaongea upesi upesi kama mtu aliyechungulia siri: homa ya ndege imeingia Nairobi, serikali inaficha, msile kuku wa gredi, kuleni kienyeji tu. Shangazi hakutaka mjadala. Alikuwa na broila wawili kwenye friji, wa kupikia wageni wa Jumapili, na alitaka kujua kama awatupe.

Nikamwambia apike. Kumweleza sababu ndiko kulikokuwa na kazi, maana ndani ya sauti ya chini ya dakika moja ugonjwa, uvumi na ugomvi wa haki kabisa kuhusu jinsi tunavyofuga vilikuwa vimesokotwa pamoja, na ukivuta uzi mmoja mingine nayo inakaza.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa Kiswahili nacho kina lawama hapa. Mkazi wa Nairobi akiamka mwezi wa Julai pua inatiririka, husema ana homa. Taifodi ni homa ya matumbo. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya Bonde la Ufa huharibu mimba za kondoo na ng'ombe. Magonjwa haya hayana undugu wowote, ila yote tumeyavika shati moja. Kwa nguruwe mambo yanazidi kuchanganyika. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, aliyekuwa daktari wa mifugo hapa Kenya, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wakiteketea. Virusi vyake hukaa kwa ngiri na kwa kupe laini wanaoitwa papasi bila kuwasumbua, lakini vikimfikia nguruwe wa kufugwa ni nadra apone. Binadamu havimgusi kabisa. Halafu kuna mafua ya nguruwe, ugonjwa wa njia ya hewa, ambao nguruwe wengi huupona ila mara chache sana hupata upenyo wa kuvukia kwa watu. Yote mawili mtaani ni "homa ya nguruwe". Kwa hiyo wanyama wakifa huko Kiambu kwa ugonjwa wa kwanza, kuna mtu mjini atakayeacha kula nyama kwa kuogopa wa pili.

Kosa hilo la jina limewahi kuua kwa wingi. Aprili 2009 mafua mapya ya aina ya H1N1 yalionekana Meksiko na Marekani, na dunia nzima ikayaita mafua ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni, na mwisho wa mwezi huo Kenya ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Angalia njia aliyopitia: ndege ya abiria, wala si lori la nguruwe. Ugonjwa ulikuwa ukisambazwa na watu kwa watu. Lakini Misri, kabla ya kuwa na mgonjwa hata mmoja, iliamuru nguruwe wake wote wachinjwe, takriban 300,000. Wengi walikuwa mali ya Zabbaleen, Wakristo wa Kikopti waliokuwa wakizoa taka za Cairo na kuwalisha nguruwe mabaki ya vyakula. Nguruwe walipoisha, taka zikarundikana barabarani. Na kichekesho ni kwamba nchi hiyohiyo ilikuwa tayari na homa ya ndege, ambayo nayo ni mafua, ile kali ya aina ya H5N1, kwenye kuku wa majumbani tangu 2006.

Hapo ndipo watu hupenda kufunga kesi: mnaona, nguruwe walisingiziwa. Sivyo hasa. Nyama ilisingiziwa, na nguruwe wa Cairo walisingiziwa, lakini jeni za virusi vile kweli zilitoka kwa nguruwe. Ukoo mmoja wa virusi hivyo, uliochanganya asili ya ndege, ya binadamu na ya nguruwe, ulionekana Marekani mwaka 1998, kwenye majimbo yenye mashamba makubwa ya nguruwe kama Iowa na Minnesota. Mwaka 2016 watafiti waliofuatilia jeni walifika hadi kwa nguruwe wa Meksiko ya kati. Wanakijiji wa La Gloria, jimbo la Veracruz, walikuwa wamelinyooshea kidole shamba kubwa la nguruwe la jirani tangu siku za kwanza. Nguruwe wa shamba hilo walipimwa na virusi havikuonekana. Wenye shamba wakalichukua jibu hilo kama cheti cha usafi, wapinzani wakalichukua kama ushahidi wa kufichwa. Ukweli ni mkavu zaidi: miaka yote hiyo virusi vilipokuwa vikisafiri ndani ya nguruwe wa Meksiko, karibu hapakuwa na mtu aliyekuwa akiwapima.

Uvumi mwingine wa mwaka ule ulisema janga lote lilitungwa na kampuni za dawa ili ziuze chanjo. Huo nao ulikuwa na mfupa wa kweli ndani yake. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilionyesha kwamba baadhi ya wataalamu walioandika miongozo ya Shirika la Afya Duniani walikuwa wamelipwa na kampuni hizo kwa kazi nyingine, na jambo hilo halikuwekwa wazi. Aibu hiyo ilikuwa ya kweli. Wagonjwa waliokufa nao walikuwa wa kweli. Mtu aliyeisikia aibu peke yake asingekuwa na sababu ya kuamini vifo.

Sasa tuingie kwenye kiini, yaani virusi vyenyewe. Virusi vya mafua havibebi maagizo yake kwenye uzi mmoja. Vimeyagawa vipande vinane. Fikiria gari la abiria wanane limeingia Machakos Country Bus usiku wa manane, na kando yake limeegesha jingine kutoka upande mwingine wa nchi, nalo lina wanane wake. Taa zimezimwa, abiria wanashuka kunyoosha miguu, makanga wakiita kila mmoja anapanda lililo karibu. Alfajiri yanatoka magari yenye mchanganyiko ambao hakuna aliyeupanga. Mengi yataharibikia njiani kwa sababu mchanganyiko wake haufai. Moja linaweza kufika mbali kuliko yote yaliyotangulia. Stendi hiyo ni seli moja ya mnyama aliyeambukizwa virusi viwili kwa wakati mmoja. Nguruwe ni stendi nzuri sana, kwa kuwa koo lake hupokea mafua ya ndege na ya binadamu vilevile. Majanga ya 1957 na 1968 yalitokana na michanganyiko ya namna hiyo, virusi vya binadamu vikipokea vipande vya ndege.

Ila kuna njia ya pili, na hii ndiyo inayozua ugomvi kuhusu mashamba makubwa. Bata mwitu anaweza kuwa na mafua tumboni na akaendelea kuogelea kwa raha zake, akiyaacha kwenye maji kwa kinyesi. Virusi vya jamii za H5 na H7 vikiingia kwa kuku, kwa kawaida huanza kwa upole: kuku anakohoa kidogo, mayai yanapungua. Vinapoendelea kupita kuku hadi kuku, mahali fulani kwenye protini ya juu panaweza kubadilika, na mabadiliko hayo huviruhusu kushambulia kila kiungo badala ya utumbo na mapafu tu. Banda zima linaweza kumalizika kwa siku mbili tatu.

Mabadiliko hayo hutokea wapi? Mwaka 2018 watafiti walichapisha hesabu ya matukio yote yaliyojulikana tangu 1959 ambapo virusi vipole viligeuka kuwa vikali. Walipata 39, na yote isipokuwa mawili yaliripotiwa kwenye ufugaji wa kibiashara, mengi yakiwa katika nchi tajiri. Unaweza kusema nchi tajiri hupima zaidi, na ni kweli. Bado 37 kwa 2 si hesabu ya kupuuza. Kuku 20,000 wa umri mmoja, wa damu moja, waliobanana chini ya paa moja, ni mlo ambao virusi haviwezi kuupata porini. Porini virusi vinavyoua upesi hufa na mwenyeji wake kabla ya kumfikia mwingine. Bandani mwingine yuko umbali wa bawa.

Kwa hiyo wanaosema ufugaji wa viwandani unatuhatarisha wana hoja, na mimi nawapa nusu ya kesi. Nusu ya pili wanaipoteza wanapoifanya sababu ya kila kitu. Homa kuu ya 1918, nayo mafua, ilitua Mombasa kwa meli na kupanda bara, ikaua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50 duniani, wakati hakuna popote duniani palipokuwa na shamba la broila kama tulilonalo leo. Na ule utafiti wa 2018 una upande wa pili ambao haunukuliwi sana: ile michanganyiko ya abiria stendini ilionekana zaidi Asia, katika nchi zilizokuwa zikihama kutoka ufugaji wa nyumbani kwenda wa kibiashara. Yaani pale ambapo kubwa na dogo, banda la kisasa na bata wa mtaroni, vinaishi ukuta kwa ukuta na kukutana sokoni.

Soma sentensi hiyo tena ukiwa umesimama Ruai, Kikuyu au Kangundo Road. Hiyo ni sisi. Kenya haijafika kwenye mashamba ya mamilioni ya kuku kama Marekani, wala haipo tena kwenye kuku kumi wa bibi. Katikati kuna mtu aliyekopa akajenga banda la mabati la broila 500 nyuma ya nyumba, anayenunua vifaranga wa siku moja kutoka kampuni kubwa, ana bata watatu wa watoto wanaokunywa maji ya beseni moja na kuku, na jirani yake ana nguruwe.

Nami naomba watetezi wa kienyeji wasinikasirikie, maana kienyeji nampenda kwa ladha. Lakini kama kinga ya homa ya ndege, kuku anayezurura ndiye mwenye nafasi kubwa ya kukutana na ndege wa porini na maji yao. Januari 2025 Marekani iliripoti kifo chake cha kwanza cha binadamu kutokana na H5N1, jimboni Louisiana, na mgonjwa alikuwa amegusana na kuku wake wa nyumbani pamoja na ndege wa porini. Huko Kambodia, waliokufa miaka ya karibuni wengi waligusana na kuku wa kijijini waliougua, ambao mara nyingine huchinjwa haraka ili wasipotee bure. Thailand baada ya 2004 ilibana ufugaji wa bata wanaozungushwa kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa, kwa sababu bata hao, wenye sura ya ufugaji wa asili kabisa, walikuwa wakivibeba virusi bila kuonyesha ugonjwa. Wafugaji wadogo waliumia, kampuni kubwa zikafunga milango ya mabanda yao na kuendelea. Hapo ndipo shirika la GRAIN, linalotetea wakulima wadogo, lilipata pa kusimama mwaka 2006 liliposema kwamba kuku wa nyumbani anabebeshwa lawama za kiwanda. Kwa maoni yangu lilikuwa sahihi kuhusu nani aliumizwa, na lilikuwa na haraka kuhusu nani asiye na hatia. Mwaka huohuo, virusi vya H5N1 vilipoingia Afrika kwa mara ya kwanza, mlango ulikuwa shamba la kibiashara la kuku kama 46,000 huko Jaji, jimbo la Kaduna, Nigeria.

Turudi kwa kuku wa gredi wa shangazi, kwa sababu ana mashtaka mengine mawili ambayo Nairobi nzima inayajua. La kwanza ni kwamba anadungwa homoni, ndiyo maana anakua kwa wiki sita. Watafiti wa Kanada waliwahi kuchukua mbegu ya kuku ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wakawalea pamoja kwa chakula kilekile. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti yote ilikuwa kwenye mbegu. Miaka ya kuchagua wanaonenepa upesi imefanya kile ambacho uvumi unakipa sindano, na imeleta matatizo yake: miguu isiyobeba kifua, moyo unaochoka. Mwenye huruma na kuku ana la kulalamikia bila kuhitaji homoni.

La pili ni kwamba analishwa ARV. Hili nilikuwa nikilicheka hadi 2023, mamlaka ya dawa ya Uganda ilipokiri kwamba imejua kwa miaka kadhaa kuwa baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Wengine waliamini zinatibu homa ile ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Uvumi wa Nairobi ulikuwa umebeba kitu halisi cha nchi jirani, ukakikuza na kukihamishia kwenye kila sahani ya chipo kuku mjini. Ndiyo sababu sipendi tabia ya kumjibu mtu kwa neno "uongo" kisha ukaendelea na safari. Aliyesikia habari ya Uganda atakuona wewe ndiye mwongo, na siku utakapomwambia jambo la kweli hatakuwepo kusikiliza.

Woga pekee una bei yake. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 Wakenya waliacha kula kuku kwa kusikia habari za Asia na Nigeria. Mauzo yakaporomoka bila kuku hata mmoja nchini kuthibitishwa kuwa na virusi. Januari 2017 Uganda ilipothibitisha homa ya aina ya H5N8, ikianzia kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mayai ya Uganda ni rahisi kuliko yetu, na kuna mfugaji wa Kiambu ambaye hakulia sana mlango huo ulipofungwa.

Basi hatari iko wapi, kama haiko kwenye sufuria? Joto la nyuzi 70 linaua virusi hivi, na hakuna mama wa Nairobi anayepika kuku chini ya hapo. Hata ng'ombe wa maziwa wa Marekani walipogundulika na H5N1 Machi 2024, jambo lililowashangaza wataalamu wengi, aliyekuwa na cha kuogopa ni mnywaji wa maziwa mabichi na mkamuaji. Chai yetu inayochemka hadi kufurika jikoni ilikuwa imeshamaliza mjadala huo.

Nenda Burma asubuhi, soko lile la nyama na kuku karibu na Shauri Moyo. Matenga yamefika usiku kutoka Magharibi na Nyanza, kuku wa wilaya tano wamelala mgongo kwa mgongo, wasiouzwa jana wakichanganywa na walioshuka leo. Pembeni pipa la maji ya moto, na mama anayenyonyoa kuku kwa mikono mitupu tangu saa kumi na mbili, mvuke na manyoya vikimpanda usoni. Mlaji atamwona kuku wake akiwa mchuzi. Yeye ndiye anayemkuta akiwa na kila alichokuja nacho. Mwaka 2013 China ilipopatwa na H7N9, mafua ambayo hayakuwaletea kuku dalili yoyote, miji minne ikiwemo Shanghai ilifunga masoko ya ndege hai, na maambukizi kwa watu yakashuka kwa asilimia 97 hadi 99. Hong Kong ilikuwa imejifunza hatari ya masoko hayo mapema zaidi, tena kwa uchungu: mwaka 1997 H5N1 iliambukiza watu 18, ikaua sita, na mji ukachinja kuku takriban milioni 1.5 kwa siku chache. Baadaye wakaweka siku za soko kupumzika na kusafishwa, halafu wakapiga marufuku kuku kulala sokoni.

Sisemi Burma ifungwe. Ikifungwa bila mpango, matenga yatahamia vichochoroni ambako hakuna hata bomba. Nasema hapo ndipo pesa ya tahadhari ingeanzia: maji, buti, siku ya kuosha, tenga la leo lisikutane na la jana. Na fidia. Mfugaji wa broila 500 mwenye mkopo akiona kuku wanaanza kulala, ana usiku mmoja wa kuamua. Akimpigia daktari wa mifugo anaweza kuamriwa awachinje wote. Akiwauza alfajiri anaokoa karo ya watoto. Tunajua atafanya nini kama hakuna anayemlipa, na tunajua soko atakalowapeleka. Kumwita mjinga ni rahisi. Dawa za antibiotiki atakazowapa akijaribu kuwaokoa hazigusi virusi hata kidogo, ila aliyemuuzia dukani huenda hakumwambia.

Shangazi alipika broila wake. Jumapili jioni akanipigia kunishukuru, wageni walikula na mifupa wakaimung'unya. Kisha akasema, kwa njia, binamu yako wa Kakamega ametutumia kienyeji watatu kwa basi la usiku. Wawili wazima. Mmoja alifika amekufa, lakini bado alikuwa na joto, na kuku wa kienyeji siku hizi ni pesa, kwa hiyo ameshachemsha maji.

Nikamwambia huyo asimguse. Kimya kidogo. Kisha akauliza kama shingo aliyokwisha kuinyonyoa ina neno.